Mchungaji aliniambia sura ile "haijengi"

Mpendwa Mama Mshauri,

Nimelelewa kanisani, nimeolewa kanisani, na huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kufundisha Biblia kikundi cha wasichana. Sikusomea theolojia. Ninachotumia ni Biblia yenyewe na kitabu cha masomo tunachopewa kila mwaka.

Mwaka jana niliamua kuisoma Biblia yote, Mwanzo hadi Ufunuo, bila kuruka hata ukoo mmoja. Nilipofika 2 Samweli sura ya 13 nilikwama. Ni habari ya Tamari, binti Daudi, aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Nimesikia mahubiri ya Daudi na Goliathi nisiyoweza kuyahesabu. Nimesikia ya Bathsheba. Nimesikia jinsi Absalomu alivyomwasi baba yake, akaishia kunaswa kichwa kwenye mwaloni. Lakini kilichomfanya Absalomu amchukie Amnoni na kumuua, hadi nyumba ile ikapasuka, hakuna aliyewahi kunisomea. Nina miaka arobaini na mitatu.

Nikaanza kuandika kwenye daftari sura ambazo sijawahi kuzisikia ibadani. Suria wa Mlawi katika Waamuzi 19. Binti Yeftha, aliyetolewa kafara na baba yake kwa sababu ya nadhiri. Zaburi ya 88. Zaburi ya 109. Yakobo 5 anapowakemea matajiri walionyima vibarua ujira wao. Kumbukumbu la Torati 14, inayoeleza zaka kwa namna ambayo sikuwahi kufundishwa, ingawa Malaki 3 tunaisikia karibu kila mwezi. Daftari limejaa kurasa sita.

Miezi miwili iliyopita niliwasomea wasichana habari ya Tamari. Walinyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia darasani. Tulipomaliza kwa sala, mmoja alibaki nyuma, akaniambia, "Mwalimu, kumbe nami nimo humu." Sikujua la kumjibu, nikamshika tu mkono.

Habari zikamfikia mchungaji kwamba nafundisha "mambo ya aibu". Aliniita, akaongea nami kwa upole. Alisema maandiko yote ni ya Mungu, lakini si yote yajengayo, kwa hiyo nirudi kwenye kitabu cha masomo. Mzee wa kanisa aliyekuwepo akaongeza kuwa maswali kama yangu ndiyo mlango wa uasi.

Mama, mimi simpingi mtu. Nataka kuelewa. Kwa nini makanisa huziruka sehemu hizi? Je, wanatuficha? Nimekosea kuwasomea? Kuna siku nafikiri niache kufundisha, na siku nyingine nafikiri nihame kanisa kabisa.

Mwalimu wa wasichana


Dada yangu mpendwa,

Nitaanza na msichana wako, kwa sababu maswali yako mengine yamesubiri miaka na yanaweza kusubiri aya chache zaidi. Yeye hawezi.

Mtafute wiki hii. Mwambie kwamba ulimsikia, kwamba unamwamini, na kwamba halikuwa kosa lake. Usimhoji. Acha aseme kwa mwendo wake, hata kama ni sentensi moja leo na nyingine baada ya mwezi. Usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza: kama bado ni mtoto, au kama aliyemtendea bado yuko karibu naye, lazima wajue watu wenye mamlaka ya kumlinda. Na ukikuta jambo lenyewe ni la juzijuzi, mpeleke hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Zaidi ya yote, usikubali limalizwe na wazee katika kikao cha ndani kwa kupeana mikono na kusameheana. Hilo ni kosa la jinai na lina mahali pake.

Sasa tuje kwenye daftari lako.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Mwaka una Jumapili 52. Kanisa likisoma sura moja nzima kila Jumapili, bila sikukuu wala kongamano la kuvuruga mpango, litamaliza baada ya miaka karibu 23. Ukiona hesabu hiyo utajua kwamba hakuna kanisa lisilochagua. Kuchagua si dhambi. Cha kuangalia ni nani anachagua, na kimya chake kinamfaa nani.

Yako makanisa yenye kalenda ya masomo. Kanisa Katoliki, baada ya Mtaguso wake wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, kuagiza mwaka 1963 kwamba hazina ya Biblia ifunguliwe zaidi kwa waumini, lilitoa mwaka 1969 mpango wa masomo ya Jumapili unaozunguka kwa miaka mitatu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanatumia mpango wa jinsi hiyo uliotolewa mwaka 1992. Naipenda mipango hii kwa sababu inamnyima mhubiri nafasi ya kujichagulia wimbo wake uleule kila wiki. Lakini nayo ilipangwa na watu, na watu hupunguza makali. Chukua Zaburi ya 104 ya siku ya Pentekoste katika mpango huo wa 1992. Mstari wa 35 umekatwa katikati: sehemu inayoomba wenye dhambi waangamizwe imeachwa, ikabaki ile ya kumhimidi Bwana. Zaburi ya 139, tunayoipenda sote kwa kuwa Mungu alituunga tumboni mwa mama, huruka mistari ambayo mwimbaji anasema anawachukia wamchukiao Mungu. Katika sala za vipindi za Kikatoliki zilizotengenezwa upya mwaka 1971, zaburi tatu ziliondolewa nzima: ya 58, ya 83 na ile ya 109 uliyoiandika wewe. Sababu ilitajwa waziwazi, kwamba laana zake zinaisumbua nafsi ya anayesali. Binti Yeftha husomwa katika misa ya siku ya kazi mara moja kila baada ya miaka miwili. Jumapili, watu wanapojaa, hayupo.

Makanisa yasiyo na kalenda humwachia mhubiri. Hapo anayechagua ni mazoea. Mchungaji ana mazishi Alhamisi, harusi Jumamosi, na Jumapili inamngoja. Atakwenda kisima anachokijua. Nimewaona wengi, na wengi wao si waficha siri. Wamechoka, na vyuoni walifundishwa kutoa hubiri lenye faraja mwishoni, ili watu waitike Amina na kwenda nyumbani. Waamuzi 19 haina Amina. Mwanamke yule anatolewa nje kwa genge, anateswa usiku kucha, anafia kizingitini, kisha mwili wake unakatwa vipande kumi na viwili. Mhubiri afunge vipi hapo? Kwa hiyo haanzi kabisa. Ila angalia sura hiyo inavyoisha: watu wa Israeli wanaambiwa walifikirie jambo hilo, wafanye shauri, waseme. Maandiko yenyewe yameagiza lisemwe.

Ipo pia sababu ya huruma, na ningependa umwachie mchungaji wako nafasi ya kuwa nayo. Ibadani wapo watoto, na wapo watu wenye majeraha mabichi. Wasiwasi huu ni wa kale kuliko makanisa yetu. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Wayahudi uliokamilika karibu mwaka 200, ilikuwa na orodha ya habari za kusomwa bila kufasiriwa kwa lugha ya watu, na ikasema habari ya Daudi na ya Amnoni zisisomwe wala kufasiriwa. Kwa hiyo huyo Tamari wako amenyamazishwa muda mrefu sana, mara nyingi na watu wenye nia njema.

Hata Bwana wetu aliwahi kukatisha somo. Katika Luka 4 anasoma Isaya 61 kwenye sinagogi la Nazareti, anafika kwenye mwaka wa Bwana uliokubaliwa, anafunga kitabu na kuketi. Maneno yanayofuata katika Isaya ni siku ya kisasi cha Mungu wetu. Hakuyasoma. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na ninavyoona mimi, mstari alioacha ndio wasikilizaji wake wangeupigia makofi, maana walitarajia kisasi kiwaangukie wengine. Badala yake akawakumbusha mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, watu wa mataifa waliofikiwa na rehema huku Israeli ikiwa na wajane na wakoma wake. Wakaghadhibika, wakampeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini. Hiki ndicho kipimo ninachotumia ninapoona fungu limerukwa. Yesu aliacha lililowapendeza waliokuwepo, akasema lililowachoma. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume chake.

Na hapo ndipo nafikia sehemu ya daftari lako isiyoweza kuelezwa kwa uchovu wala kwa huruma.

Mwaka 1807, London, ilichapwa Biblia kwa ajili ya watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Kati ya zile sura 1,189 walibakiza 232 tu. Yusufu aliyeuzwa utumwani akawa mtumishi mwema, yumo. Waefeso inayowaambia watumwa watii, imo. Musa mbele ya Farao, hayumo. Kitabu cha Kutoka kinarukia moja kwa moja mlimani Sinai, kana kwamba watu walifika pale bila kukombolewa. Wagalatia 3:28, kwamba hakuna mtumwa wala huru, haimo. Waliofanya kazi ile walijiita wamisionari, na waliamini wanawajenga watumwa. Simfananishi mchungaji wako na watu wale. Nakuonyesha tu kwamba neno "kujenga" limewahi kubeba mzigo huo.

Tazama mfano wako wa zaka. Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", kila muumini anaijua kwa moyo. Panda mistari mitano juu, hadi 3:5, na Mungu yuleyule anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Rudi sura ya kwanza na ya pili utakuta karipio kali kwa makuhani wanaotoa sadaka ya mnyama kipofu na kilema. Ni kitabu kifupi, chenye sura nne tu, na sehemu kubwa yake inawaelekea wanaohudumu madhabahuni. Sisi tumeukata mstari unaowaelekea wanaotoa, tukaubandika ukutani. Kisha Kumbukumbu 14 inasema mtu aile zaka yake mbele za Bwana pamoja na nyumba yake, wafurahi, na kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mchungaji anaweza kuwa na hoja nzuri za kuunga mkono zaka ya leo. Ninachotaka ni kwamba aiseme hoja hiyo huku sura zote mbili zimefunguliwa.

Hali ni hiyohiyo kwa wanawake wa daftari lako. Habari ya Tamari inamhukumu nani? Amnoni, bila shaka. Yonadabu rafiki mwerevu aliyetunga hila, naye pia. Lakini inamhukumu zaidi mfalme, mpendwa wa Mungu, aliyesikia yote, akaghadhibika sana, asifanye kitu. Kila mwenye mamlaka aliyewahi kupelekewa shauri la namna hii akaishia kukasirika tu, yumo katika mstari ule wa 21. Ni vigumu kuusoma mimbarini ukiwa na shauri la jinsi hiyo kwenye mafaili yako.

Tena, dada yangu, angalia ni nani anayesema "nyamaza" katika sura ile. Ni Absalomu. Mwandishi wa kitabu hakumnyamazisha Tamari. Ametuandikia hoja zake zote kwa Amnoni, moja baada ya nyingine, hoja za msichana mwenye akili kuliko wanaume wote wa nyumba ile. Ametuandikia jivu kichwani, vazi lililoraruliwa, na jinsi alivyokwenda akilia kwa sauti. Roho aliona vema yabaki.

Kuhusu neno "si yote yajengayo". Limetoka 1 Wakorintho 10:23, na Paulo hapo anazungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Alipozungumzia Maandiko, maneno yake kwa Timotheo ni kwamba kila andiko lafaa kwa mafundisho, kwa kuwaonya watu makosa yao, kwa kuwaongoza, kwa kuwaadibisha katika haki. Na maandiko aliyoyajua Timotheo tangu utoto ni lile Agano la Kale tunaloliruka. Mwambie mchungaji jambo hili mkiwa wawili, si mbele ya mzee yule, na umwambie kwa heshima aliyokuonyesha yeye.

Uasi je? Waberoya wa Matendo 17 walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyofundisha Paulo ndivyo yalivyo. Mwasi anayejulikana sana katika jambo hili ni Markioni, aliyetengwa na kanisa la Roma yapata mwaka 144. Alilitupa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyempunguza na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa lilikataa. Likasema tutabeba vyote, pamoja na vinavyotuumiza. Anayesoma vyote amesimama upande wa kanisa lile.

Hata hivyo, lipo ulilokosea, nawe uliniuliza. Hukuwaandaa wasichana. Sura kama ile hutangazwa wiki moja kabla, watu wakaambiwa ina nini, na kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Ulipaswa kujua mapema utampeleka wapi atakayekujia baada ya somo, kwa maana katika kila kundi la wasichana yupo. Ulipaswa pia kumwambia mchungaji kabla hajasikia kwa wengine. Tena nakuonya kwa upendo: anayezigundua sura hizi hulewa nazo. Baada ya mwaka anaweza kujikuta na Biblia yake fupi, ya Waamuzi na Zaburi za laana pekee, asiyekumbuka tena njia ya kurudi kwenye Zaburi ya 23. Wasichana wako wanazihitaji zote mbili. Wasomee pia Hesabu 27, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi, wanasimama mbele ya Musa kudai urithi na Mungu anasema wamenena haki. Nayo ni sura iliyorukwa, na inafurahisha. Na aliyefiwa mpe Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Nimewaona watu waliodhani wamekufuru kwa sababu waliomba hivyo, kumbe walikuwa wakiomba Biblia bila kujua.

Ombi la kumpelekea mchungaji ni hili. Usimpelekee daftari, litamfanya ajione ameshtakiwa kwa kurasa sita. Mwombe kipindi kimoja cha katikati ya wiki, dakika ishirini, cha kusoma kitabu kizima kwa mfululizo, mnapoishia leo ndipo mnapoanzia wiki ijayo. Ni njia ya zamani na yenye heshima. Zwingli, mmoja wa viongozi wa Matengenezo ya Kanisa huko Uswisi, alianza Mathayo hivyo kule Zürich, tarehe 1 Januari 1519. Calvin, kiongozi mwingine wa Matengenezo hayo, alifukuzwa Geneva mwaka 1538, na aliporudishwa mwaka 1541 alipanda mimbarini akaendelea palepale alipoachia. Anzeni na 2 Samweli. Mkifika sura ya 13 hakuna atakayesema wewe ndiye uliyeichagua, na mchungaji atakuwa amepata miezi kadhaa ya kujiandaa.

Akikataa, usiache kufundisha. Fundisha kitabu cha masomo kwa uaminifu, na wasichana wakiuliza kilichoko kati ya fungu moja na jingine, wajibu. Kuhama usikufikirie leo. Huko uendako nako watakuwa na sura zao wanazoziruka, na wewe hapo ulipo unaaminiwa. Kutofautiana juu ya mtaala ni jambo la kuvumiliana. Lakini siku utakapoambiwa umwambie msichana yule anyamaze, mambo ya mtaala yatakuwa yamekwisha. Mshike mkono kama ulivyomshika, mtoke wote wawili.

Mama Mshauri